Jina Lako Kwenye Simu ya Mwenzako

Lori likisimama Iguguno, muda wa kujuana na dereva ni mfupi. Anashuka, ananyoosha mgongo, anauliza bei ya dumu la mafuta ya alizeti, analipa, na utingo tayari anamwita. Hapo ndipo muuzaji anapoingiza mkono mfukoni na kutoa kadi ya karatasi. Dereva anaipokea vizuri, anaichomeka juu ya kioo cha mbele, penye lundo la kadi nyingine za watu wa Manyoni, Igunga na Kahama. Mwezi unapita. Mkewe anamwambia mafuta yameisha, na yale ya safari ile yalikuwa mazuri kweli. Dereva anapekua. Kadi anaiona, lakini imelowa mafuta na tarakimu mbili za mwisho hazisomeki. Au inasomeka, ila imebaki kwenye gari ambalo sasa anaendesha mwingine.

Makala hii ni kwa watu wa barabara ile, na kwa yeyote anayeishi kwa kujulikana na watu anaowaona mara moja tu. Iguguno ipo wilayani Mkalama, kwenye barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Mabasi ya Dar es Salaam na Mwanza hupita hapo, na malori yanayoelekea mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda. Njia ya Nduguti, makao makuu ya wilaya, nayo inachepuka huko. Kwa hiyo mwenye mashine ya kukamua alizeti, muuza vitunguu, mfuga kuku wa kienyeji, daktari wa mifugo, mpima ardhi na fundi wa sola wote wanakutana na mteja yuleyule: mtu mwenye haraka, mwenye nia njema, ambaye kesho atakuwa mbali.

Ushauri wangu ni huu: hama karatasi. Lakini hama ukijua unachohamia, kwa sababu wapo wengi wanaouza kadi za kidijitali, na wengi wao wanakuuzia kitu usichokihitaji.

Ukweli ni kwamba sisi tulihama zamani. Tangu simu za mkononi zilipotufikia, watu wawili wakikutana mnadani mmoja husema, "Nibipu nikusevu." Mwenzake anapiga, simu inalia mara moja, inakatwa. Namba imetoka mfuko mmoja kwenda mwingine bila kalamu, bila gharama na bila kukosea hata tarakimu moja. Hiyo ndiyo kadi yetu ya kwanza ya kidijitali, na mpaka leo sijaona iliyo rahisi kuliko hiyo. Upungufu wake ni mmoja: inabeba namba bila jina. Jioni unakuta simu nne ulizobipiwa na hujui ipi ni ya nani. Yote nitakayoshauri hapa chini ni kubipu kulikoongezewa jina.

Kabla ya jina, lakini, kuna namba yenyewe, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Tuna mazoea ya kuwa na laini mbili au tatu: moja ya bando rahisi, moja ya kupokelea hela, moja ya nyumbani. Chagua moja iwe ya kazi na uitumie hiyo hiyo kila mahali. Hakikisha imesajiliwa kwa alama zako za vidole, si za kaka yako, si za rafiki aliyekusaidia siku ile kitambulisho chako hakijatoka. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Laini ikiwa ya mtu mwingine, siku mkikosana anaondoka na wateja wako wote. Ndivyo ilivyo pia kwa laini ya ofisi: mwajiri ana haki nayo, kwa hiyo jenga jina lako kwenye laini yako.

Wapo wanaobadili namba kwa sababu mtandao fulani haushiki vizuri kijijini kwao. Sababu hiyo ilikwisha mwaka 2017, ilipoanza huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Nenda kwa mtandao unaoutaka na namba yako ileile. Na laini ya kazi usiiache imelala kwa miezi. Laini isiyotumika hufungwa, na namba yake baadaye hupewa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea simu za wateja wako bila kujua wanaulizia alizeti gani.

Kisha andika namba hiyo ikianza na +255, ile sifuri ya mwanzo ukiitoa. Hili ni dogo kwa anayeuza mtaani kwake, lakini kwa Iguguno lina uzito. Kenya, Uganda na Rwanda nako namba za mkononi huanza na 07. Dereva Mnyarwanda akihifadhi namba yako ikianza na 07, akifika kwao na laini yake ya Rwanda simu itadhani anampigia mtu wa kwao. Atapata mtu asiyemjua au hatapata kabisa, na WhatsApp nayo haitakuona. Kwa +255 utapatikana Kigali kama unavyopatikana Singida mjini.

Mimi niliwahi kuchapisha kadi 300 zenye tarakimu moja iliyokosewa. Nilikuwa nimegawa zaidi ya nusu ndipo mtu mmoja akaniambia kwamba akipiga anapokea mama mmoja mpole aliyechoka kuulizwa habari zangu. Nakala ya kwanza nililetewa niihakiki, nikaitazama, nikaridhika na rangi, nikasaini. Namba sikuipiga. Tangu hapo sichapishi wala situmi kitu chenye namba kabla sijaipiga kutoka kwenye karatasi au kioo chenyewe, kwa simu ya mtu mwingine.

Sasa jina. Hapa ndipo faida kubwa ya kuhama ilipo. Ukimpa mtu kadi ya karatasi, unamwachia yeye kazi ya kukupa jina kwenye simu yake. Akiwa na haraka ataandika "Mafuta Singida". Wiki ijayo atakutana na muuzaji mwingine, ataandika "Mafuta Singida 2". Baada ya mwezi hajui yupi ni yupi, anapiga ya kwanza. Ukimtumia mawasiliano yako ukiwa umeyaandaa, jina unalichagua wewe, na anachofanya yeye ni kubonyeza "hifadhi".

Basi lichague kwa kumfikiria atakayekutafuta, akiwa na shida gani, saa ngapi. Mfugaji ambaye ng'ombe wake ameshindwa kuzaa usiku hakumbuki ukoo wa daktari. Atafungua simu na kuandika "mifugo" au "daktari". Kwa hiyo jina la kwenye kadi liwe "Daktari Mifugo Iguguno", kisha jina lake kamili lifuate. Mama anayejulikana njiapanda nzima kwa jina la Mama Alizeti asijiandike kwa majina matatu ya kwenye cheti cha kuzaliwa. Aandike "Mama Alizeti Iguguno". Mpima ardhi aandike kazi yake na wilaya. Kazi, jina linalotajwa na watu, mahali: vitu vitatu, na vyote viwe katika sehemu ya jina, kwa sababu simu nyingi kwenye orodha huonyesha jina tu na kuficha yaliyoandikwa kwenye sehemu ya kampuni. Cheo cha Mkurugenzi Mtendaji kina mahali pake kwenye barua. Kwenye simu ya mteja hakimsaidii kukupata.

Kuandaa kadi yenyewe hakuhitaji programu mpya. Kuna muundo wa faili la mawasiliano uitwao vCard, uliobuniwa mwaka 1995, ambao jina la faili lake huishia na .vcf. Simu janja zote zinauelewa. Fungua orodha yako ya majina, jitengenezee wewe mwenyewe jina jipya kama vile unamsevu mtu: jina ulilochagua, namba yenye +255, barua pepe kama unaisoma kweli, na mahali ulipo. Kuhusu mahali, kumbuka kwamba mwaka 2022 lilifanyika zoezi la anwani za makazi nchi nzima. Kama eneo lako la biashara lina jina la barabara na namba, litumie, kisha ongeza alama inayojulikana na kila mtu, kama shule, kanisa, msikiti au njiapanda. Ukimaliza, bonyeza sehemu ya kushiriki na ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp. Faili hilo ndilo kadi yako. Lisipokuwa na picha ni jepesi kuliko meseji ya sauti ya sekunde chache, hata mwenye bando la mwisho atalipokea.

Pale ambapo hakuna mtandao, faili hilohilo hupita kwa Bluetooth, kama tulivyokuwa tukirushiana nyimbo. Hata baadhi ya vitochi hulipokea.

Nasema vitochi kwa makusudi. Usitengeneze kadi kwa kumwangalia mteja mwenye simu ya gharama kubwa. Huyo atakupata kwa njia yoyote. Mwangalie mzee mwenye kitochi, ambaye pengine ndiye mwenye ekari nyingi za alizeti na neno lake kwenye kikao cha kijiji ndilo linalosikilizwa. Kwake kadi yako ni meseji ya kawaida. Meseji moja inabeba herufi 160, nazo zinatosha ukizipanga. Mfano: "Habari kaka. Ni Mama Alizeti wa Iguguno, tumeonana leo njiapanda, umechukua madumu mawili. Namba hii ni ya kazi na ya WhatsApp. Safari njema." Hiyo haijafika hata 150. Ihifadhi kwenye simu yako ikiwa tayari, ubadilishe tu salamu na kilichotokea. Mzee huwezi kumwanza na "habari kaka"; anza na shikamoo, hata kwa meseji.

Sasa tuje kwenye ule mraba wa vidoti vyeusi na vyeupe, msimbo wa QR. Huu unastahili maelezo marefu kidogo, maana ndio unaouzwa sana na ndio watu wanaodanganyika nao.

Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Wenye hati miliki waliamua kutowadai watu wanaoutumia, na ndiyo maana umeenea dunia nzima, hadi kwenye vibandiko vya malipo pale dukani. Maana yake kwako ni kwamba kutengeneza msimbo ni bure. Anayekudai hela kila mwezi hakudai kwa ajili ya msimbo. Anakudai kwa ajili ya kitu kingine, nacho ukielewe.

Iko misimbo ya namna mbili, na kwa macho inafanana. Wa kwanza umebeba mawasiliano yako yenyewe ndani ya vile vidoti: jina, namba, mahali. Simu ikiuskani inasoma palepale, bila intaneti, na kuuliza kama ihifadhi. Wa pili haukubebi wewe. Umebeba anwani ya tovuti ya kampuni fulani, na huko kwenye tovuti ndiko yalikowekwa mawasiliano yako. Huu wa pili una uzuri wake: unaweza kubadili namba au picha bila kuchapisha upya, na unaweza kuona ni watu wangapi wameuskani. Lakini mteja asipokuwa na bando haoni kitu. Ukichelewa kulipa, ukurasa unafungwa. Kampuni ikifilisika huko iliko, vibandiko vyako vyote vinageuka picha zisizo na maana, hata vile ulivyobandika kwenye madumu yaliyoko Mwanza majikoni mwa watu. Na malipo mara nyingi hutakiwa kwa dola, kwa kadi ya benki, jambo ambalo kwa muuza vitunguu ni mzigo usio wa lazima.

Chagua wa kwanza. Simu nyingi za sasa zenye mfumo wa Android zinaweza kuonyesha msimbo wa jina lolote lililo kwenye orodha yako, ukitafuta kwenye sehemu ya kushiriki. Ukitumia tovuti ya kutengenezea, chagua aina ya mawasiliano au vCard, usichague kiungo cha tovuti. Kisha ufanyie jaribio hili kabla ya kumlipa mtu yeyote: zima data, uskani kwa simu ya rafiki ambaye naye amezima data. Jina na namba vikitokea, msimbo ni wako na hakuna wa kukunyang'anya. Ikitokea anwani ndefu ya tovuti, umepewa ule wa pili.

Udhaifu wa msimbo huo wa kwanza ni kwamba ukishachapishwa haubadiliki. Namba ikibadilika, umekufa. Ndiyo maana nilianza na laini, si na msimbo.

Usiujaze maneno. Kila herufi unayoongeza inafanya vidoti viwe vingi na vidogo, na kamera ya simu ya bei nafuu, yenye mkwaruzo na vumbi la Singida, itashindwa kuusoma. Jina, namba, mahali, basi. Picha za bidhaa, bei na saa za kazi ziweke kwenye WhatsApp Business, ambayo ni bure tangu ilipotoka mwaka 2018 na ina sehemu ya kupanga bidhaa na picha zake. Mteja akishakusevu atayaona hayo yote huko.

Ukubwa nao una kanuni ya haraka: umbali wa kuskani ugawanye kwa kumi. Kwenye kadi inayoshikwa mkononi, sentimita mbili kwa mbili ndiyo kiwango cha chini. Kwenye ubao ambao mteja atausoma akiwa amesimama mita mbili, msimbo uwe na upana wa sentimita 20. Nimeona vibao barabarani vyenye msimbo wa ukubwa wa kiberiti, wakati mteja yuko ndani ya basi. Huo ni urembo. Acha nafasi nyeupe pande zote nne, upana wa vidoti vinne walau. Uwe mweusi juu ya nyeupe. Najua wauza alizeti wanapenda njano, nami naipenda, lakini iwekwe pembeni; njano juu ya nyeupe kamera haiioni vizuri. Na mwambie mchapishaji wa stesheneri asikuwekee plastiki inayong'aa, kwa sababu jua la saa saba mchana litawaka juu yake na simu haitasoma chochote. Plastiki isiyong'aa ipo, iulizie.

Kadi zenye chipu ya NFC, zile za kugusisha kwenye simu, sitazisema sana. Zinafanya kazi kwa umbali wa sentimita chache na zinapendeza kwenye mkutano wa mabenki Dar es Salaam. Simu nyingi za bei nafuu hazina uwezo wa kuzisoma. Kwa hela ya kadi moja ya aina hiyo utapata vibandiko vingi vya karatasi ngumu, navyo vitakufikisha mbali zaidi.

Kukabidhi kadi kuna adabu yake, na adabu hiyo haikubadilika kwa kuwa kadi imebadilika. Usimsukumie mtu msimbo kabla hamjasalimiana. Salamu, habari za safari, habari za nyumbani, kazi, halafu ndipo mawasiliano. Kwa mzee, omba: "Mzee, naomba nikupigie hapa ili namba yangu ibaki kwako." Na usiombe kushika simu ya mtu ili umsaidie kukusevu. Simu ya Mtanzania leo ni pochi yake. Ndani mna M-Pesa, mna Airtel Money, mna akiba ya ada za watoto. Ukinyoosha mkono kuichukua, hata ukiwa na moyo mweupe, umemtia wasiwasi. Mwonyeshe kwa simu yako, umwachie yeye ya kwake. Akishindwa, mbipu, kisha mtumie ile meseji.

Meseji hiyo itumwe siku ileile. Kesho yake utakuwa mmoja kati ya wengi. Itaje mlipokutana na mlichozungumza, kwa sababu hicho ndicho kitakachomrudishia sura yako. Na wewe mwenyewe msevu kwa utaratibu uleule: kazi, jina, mahali, na kwenye sehemu ya maelezo andika mlikutana lini na alitaka nini. "Dereva, Kahama, Juni, madumu mawili, alisema atarudi mwisho wa mwezi." Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na orodha ya majina kwenye simu ni daftari, mradi iandikwe kama daftari.

Utaratibu huu unalipa zaidi kwenye Nanenane. Kwa Kanda ya Kati, yaani Dodoma na Singida, maonyesho hufanyika viwanja vya Nzuguni, Dodoma, na mtu hurudi na mfuko wa kadi za maofisa wa SIDO, wauza mbegu, watu wa mabenki na wanunuzi. Nyingi huishia kwenye kabati. Jioni ya kila siku ya maonyesho, kabla ya kulala, zitoe mfukoni na uingize zile tano au sita unazozihitaji kweli. Zilizobaki zipige picha. Ukiwa na boksi la miaka mingi nyumbani usijaribu kulimaliza kwa siku moja. Chukua kumi kila Jumapili, na namba ambazo haziiti tena zitupe bila huzuni.

Kisha hakikisha majina hayo yamehifadhiwa kwenye akaunti, ya Google kwa mfano, wala si kwenye laini. Laini mara nyingi hubeba majina 250 tu, tena kwa herufi chache na bila maelezo. Simu ikiibiwa au ikitumbukia kwenye ndoo, mwenye akaunti ananunua nyingine na kuwakuta wateja wake wote wakimngoja. Mwenye kutegemea simu pekee anaanza upya, na nimewaona watu wakilia kwa hilo kuliko walivyolilia simu yenyewe.

Kujulikana kunakuja na wenye nia mbaya. Namba yako ikishabandikwa hadharani, zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitakuja. Usizijibu, zipeleke 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili hiyo. Kinachonitisha zaidi ni tapeli anayechukua jina na picha yako, anafungua WhatsApp kwa namba nyingine, kisha anawaandikia wateja kwamba malipo sasa yanakwenda kwingine. Wajulishe wateja mapema, tangu meseji ya kwanza kama nafasi inatosha, kwamba hutabadili namba ya malipo kwa meseji, na wakiona hivyo wakupigie. Kibandiko chako cha lipa namba pale mezani nacho kikague kila asubuhi kwa kukiskani mwenyewe, maana kubandika kingine juu yake ni kazi ya sekunde mbili. Na mzoeze mteja kusoma jina linalotokea kabla hajaweka namba ya siri.

Kadi yako isibebe usichotaka kila mtu akijue. Namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa na ramani ya nyumbani hazina kazi hapo. Kwa akina mama na dada wanaofanya biashara barabarani nasisitiza laini ya kazi iwe tofauti na ya nyumbani, ili usiku uweze kuizima bila kuwapoteza watoto wako.

Na namba za wengine ni amana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na roho yake inaeleweka hata na asiyeisoma: taarifa ya mtu uliyopewa kwa kazi moja usiitumie kwa kazi nyingine bila ridhaa yake. Aliyekupa namba anunue mafuta hakukupa umwingize kwenye kundi la WhatsApp la watu 200, wala umpe binamu yako anayeuza viwanja. Programu nyingi za kadi za kidijitali huomba ruhusa ya kusoma orodha yako yote ya majina. Kataa. Majina yale si yako peke yako.

Karatasi usizitupe zote. Chapisha chache, 50 zinatosha kwa muda mrefu, upande mmoja jina na namba kwa herufi kubwa ambazo mzee atazisoma bila miwani, upande wa pili msimbo. Hizo ni za ofisi. Ukienda halmashauri Nduguti, afisa biashara ataibana kwenye faili lako, na faili halina Bluetooth. Ni za msibani na kanisani pia, mahali ambapo kutoa simu na kuanza kuskani si heshima. Na ni za siku umeme umekatika tangu jana na simu yako imezima.

Kwa muuza mafuta, hata hivyo, kadi iliyo bora kuliko zote ni dumu lenyewe. Lebo ya karatasi italowa na kuchanika kabla halijafika Shelui, kwa hiyo tafuta kibandiko cha plastiki, ukibandike kwenye bega la dumu chini ya mshikio, upande ambao mafuta hayachuruziki mtu anapomimina. Futa dumu kwa kitambaa kikavu kwanza, maana gundi haishiki penye mafuta. Weka msimbo wa sentimita tatu au nne, na chini yake namba kwa tarakimu zinazoonekana, +255 mwanzoni. Kisha lijaribu: zima data, chukua simu mbovu kuliko zote pale njiapanda, uskani. Wiki tatu baadaye mama mmoja Mwanza atainamisha dumu hilo kwa ajili ya kaango la mwisho, na namba yako itakuwa mbele ya macho yake, hali dereva aliyelileta anapakua mzigo wake Rusumo.